Mahali pa Uyoga pa Virve

Miaka minne Lamara aliishi na mama mkwe wake bila kugombana naye hata siku moja, na kama unadhani hiyo ni sifa, basi hujawahi kukaa kijijini na Waestonia. Huku watu hugombana na wa kwao. Asiye wa kwao hagombezwi, anasogezewa sukari. Lamara alisogezewa sukari miaka minne mfululizo.

Alizaliwa Kutaisi, huko Georgia, katika nyumba ambayo jirani huingia akafunua sufuria mwenyewe. Alikutana na Ain, Mwestonia mpole, walipokuwa vibarua wa kiwanda cha samaki Norwe. Wakaoana, akamfuata hadi Kuuselaane, kijiji cha nyumba kumi na moja kilichozungukwa na msitu. Haukupita mwaka, Ain akapata kazi ya ujenzi Ufini, kama nusu ya wanaume wa huku, akawa anarudi wikendi moja kwa mwezi. Lamara akabaki na Virve, mama yake Ain, mjane wa miaka sabini na sita, nyonga mbovu, maneno ya kuhesabu.

Alichotaka Lamara ni kimoja tu: Virve amwone kuwa ni mtu wa nyumba ile. Alijaribu kila njia. Alioka mikate ya jibini ya kwao. Virve akala kipande, akasema, "Imenona," akarudi kwenye viazi vyake na krimu. Alimkumbatia siku yake ya kuzaliwa. Bibi wa watu akasimama wima kama nguzo mpaka ikaisha. Mchana alipika jikoni shuleni, na kila Alhamisi alipanda basi kwenda mjini kwenye darasa la lugha, ili walau awe na la kumwambia. Alilipata. Ila Virve hakuwa na la kujibu.

"Mama yako hanipendi," alimwambia Ain kwenye simu.

"Kakuambia?"

"Hajaniambia chochote!"

"Basi anakupenda. Angekuwa hakupendi ungejua."

"Ningejuaje, Ain, na yeye hasemi?"

"Mke wangu, mimi nina miaka arobaini na moja naye. Usiniulize mimi."

Sasa, Agosti ya mwaka wa nne, asubuhi moja baada ya mvua, Virve alisimama mlangoni pa jikoni, mabuti miguuni, vikapu viwili mkononi.

"Vaa mabuti."

"Tunakwenda wapi, Mama?"

"Vaa tu. Simu iache."

Walitembea zaidi ya saa nzima. Njiani kulisikika gari kwa mbali. Virve akamshika Lamara mkono, akamsimamisha nyuma ya mti mpaka gari likapita. Wakavuka mtaro, wakapita kinamasi, wakarudi nyuma kidogo, wakapinda tena, na nyonga ile ikimuuma bibi mpaka uso ukambadilika. Kisha wakatokea kwenye misonobari mizee, na Lamara akapigwa na butwaa. Uyoga wa njano, ule ambao watu wa huku wanaupenda kuliko nyama, ulikuwa umejaa juu ya zulia la kijani la vimea laini vya msitu kama kwamba mtu kaumwaga kwa gunia.

"Mama yangu alinionyesha mwaka alioanza kupofuka," Virve alisema. "Naye alionyeshwa na mama yake." Akainama, akakata mmoja kwa kisu. "Usichomoe. Na ule mdogo uache."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote katika miaka minne. Lamara alichuma huku machozi yanamlengalenga. Alijua kabisa kwamba siku ile amepewa kitu kikubwa, kwamba hatimaye amependwa. Asilolijua ni kwamba kitu chenyewe hakitamkwi. Virve hakumwambia asiseme, na kwa nini amwambie? Huku kumwambia mtu afiche mahali pake pa uyoga ni kama kumwambia mtu mzima asitoke nje uchi.

Masikini Lamara! Kwao furaha humegwa. Siku ile ile, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, alimmegea Halyna, Mukraini aliyekaa naye dawati moja darasani, mama wa watoto watatu katika chumba kimoja. "Shoga yangu, leo ndiyo nimekuwa na mama huku," akamwambia, na kumsimulia yote, mtaro, kinamasi, misonobari. Halyna alipouliza ni upande gani hasa, akachukua kalamu akamchorea, kwa mkono wake mwenyewe, na moyo mweupe kabisa.

Jumapili ya pili yake, Virve na Lamara wakiwa kwenye kahawa ya saa tisa, Halyna akaingia na keki, mtungi wa uyoga wa siki na tabasamu la kufungua milango.

"Mama Virve! Mungu akuzidishie!" Akambusu bibi mashavu yote mawili. "Ndoo sita! Mimi, jirani yangu Svitlana na wale akina dada wa darasa la juu. Tumerudi mara tatu! Mpaka ule mdogo tumeubeba, tumesomba kila kitu. Mwaka huu wanangu watakula mpaka Krismasi, na dua zote zako wewe!"

Lamara aliona Virve akiutazama ule mtungi. Aliutazama kwa muda, akausogeza katikati ya meza vizuri, karibu na maua.

"Kahawa utakunywa?" akamuuliza Halyna.

Ndipo Lamara alipoelewa alichokifanya. Halyna alikaa saa nzima, akicheka, akisifu mapazia. Alipoondoka, Virve alianza kuosha vikombe.

"Mama, nigombeze," Lamara alisema.

"Kwa lipi?"

"Nitukane! Nirushie hata hicho kikombe! Sikujua, Mama, wallahi naapa sikujua."

"Uyoga ni wa msitu, Lamara. Yeyote anaruhusiwa kuchuma." Virve akampa kikombe cha mwisho, Lamara akakikausha kama alivyofanya kila siku. "Asante kwa kunisaidia," Virve akasema. Miaka minne alikausha vikombe vile, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kushukuriwa.

Alimpigia Ain akilia. Ain alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Mimi sipajui," akasema.

"Hupajui wapi?"

"Hapo mahali. Nimezaliwa nyumba ile, Lamara, mama hajawahi kunionyesha. Nilimfuata nina miaka kumi, akakaa juu ya gogo saa nzima mpaka mimi nikachoka nikarudi nyumbani."

"Niombee msamaha kwake, Ain."

"Atasema hakuna cha kusamehe."

"Basi nifanye nini?"

"Sijui, mke wangu. Kweli sijui."

Darasani alimsihi Halyna asirudi tena kule. Halyna akamkunjia uso. "Kwani msitu una mwenyewe? Wanangu wamekula uyoga, imekuwa kesi? Haya bwana. Umeshakuwa Mwestonia kamili." Akachukua daftari lake, akahamia dawati la mbele. Lamara akarudi na basi peke yake, akitamani, jamani, Virve angeyasikia maneno yale.

Alikwenda tena mahali pale mara moja tu, mwezi wa Oktoba. Lile zulia la kijani lilikuwa limefunuliwa lote, mizizi nje, kama shamba lililopitiwa na nguruwe. Akapiga magoti akaanza kulirudishia kipande kwa kipande, akikikandamiza kwa viganja, mpaka vidole vikakosa hisia kwa baridi. Alipofika nyumbani na magoti yenye tope, Virve alimwangalia miguu, akampa taulo, akasema asante kwa kuvua mabuti nje.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Virve hakununa, wala hakufoka. Alianza kubisha hodi kwenye chumba cha Lamara. Alianza kusema "samahani nikusumbue" na "kama una nafasi". Kila asante ilimchoma Lamara kuliko kofi, na wala hakuwa na pa kushtaki, maana utamshtaki mtu kwa adabu? Usiku na mchana alijiuliza kama mtu anaweza kufukuzwa kwenye nyumba huku bado analala humo.

Agosti ikafika tena. Asubuhi baada ya mvua, Virve akasimama mlangoni pa jikoni amevaa mabuti.

"Kama una nafasi," akasema, "twende uyoga."

Lamara nusura aangushe sufuria. Alivaa buti la kulia mguu wa kushoto, akavua, akavaa tena, simu akaitupa kitandani. Virve akawasha gari lake kuukuu. Lamara akashangaa kidogo juu ya gari, lakini akajisemea ni ile nyonga.

Walikwenda dakika kumi kwa barabara ya lami, wakaingia mahali pa kupumzikia wasafiri, penye kibao, meza ya mbao na pipa la taka. Magari mawili yalikuwa yameegeshwa hapo, watoto wanakimbizana.

"Nyuma ya meza ile, ukienda kushoto kidogo," Virve alisema. "Huwa haukosi."

"Wewe huchumi, Mama?"

"Mimi nitakungoja kwenye gari. Mpwa wangu wa Tallinn akija na watoto wake huwa nawaleta hapa. Hata yule mchungaji mpya nilimleta. Wageni wote wanapapenda sana."

Lamara alimtazama usoni, akitafuta hasira, hata chembe, apate pa kushika. Hakuipata. Bibi alikuwa anamtabasamia vizuri tu, kwa ukarimu wa kweli, akimnyooshea kikapu.

Akakichukua. Akazunguka meza, akaenda kushoto, akakuta uyoga wa hapa na pale, umeliwa na konokono. Alichuma akilia kimya kimya, kwa sababu sasa alikuwa amejifunza, na wale watoto walikuwa wanamwangalia. Kikapu kilipofika nusu akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akarudi.

"Umepata!" Virve akasema. Akamfungulia mlango wa gari kwa ndani, akamshukuru kwa kuja.