Askari wa Rafu ya Juu

Bonifasi, fundi cherehani wa soko la Newala, hakununua askari wa plastiki bila kumgeuza kwanza. Alitazama chini ya nyayo, akatafuta alama ya kiwanda, kisha akapitisha ukucha kwenye bunduki. Askari wa zamani alikuwa na kingo kali na plastiki kavu, ukimkunja, anakatika. Wa kutolewa upya alitoka kwenye kalibu ileile, mkao uleule, kofia ileile, lakini alikuwa laini, anang'aa, na uso wake umefifia kama uliofutwa kwa kidole.

"Wenzio wanatafuta mashati, wewe unatafuta jeshi," Sijaona, muuza mitumba, alimtania kila alipofungua robota lenye vichezeo. "Baba Optatus, hivyo vita unaanza lini?"

"Nikipata jenerali. Wewe nimekuandikisha jikoni."

Nyumbani askari waliishi kwenye kabati la vioo, mahali palipokuwa na sahani za marehemu mkewe. Wa zamani walikaa rafu ya juu pamoja na vifaru na gari la jeep. Wa kutolewa upya, chini karibu na sakafu. Mwanawe Optatus ndiye aliyewapanga tangu utotoni, na hata alipoanza kuendesha bodaboda hakuacha.

Mwaka juzi, msimu wa korosho, mfanyabiashara mmoja wa Masasi alipiga simu: amepata lori la jeshi, la plastiki, la zamani, magurudumu yote yapo. Bonifasi alikuwa na nguo za harusi mezani, akamtuma Optatus. Kijana alilichukua lori, akapata abiria wa Nanganga, akaona ampeleke kwanza ndipo arudi nyumbani. Fuso likamgonga njiani. Begi lake lililetwa na watu wema. Lori la plastiki lilikuwa ndani, halina hata mkwaruzo.

Bonifasi alilifunga kwa kitambaa, akalisukuma nyuma kabisa ya rafu ya juu. Misa hakukosa, rozari alisali, lakini padri alipofika kwenye habari za ufufuko, yeye alitazama viatu vyake.

Mwaka huu binti yake Josephina alikuja kujifungulia nyumbani, mumewe akiwa kazini Mtwara. Akapata mtoto wa kiume.

"Baba, naomba jina la kaka," alisema.

"Lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe katutoka, Baba. Kwetu jina halizikwi."

"Mjukuu simkatai. Ila usiniletee wa kutolewa upya."

Josephina alimvuta mtoto kifuani, akamfunika kama mtu aliyehisi upepo. Hakutafuta jina jingine, na ubatizo ukaahirishwa. Majirani wakawa wanamwita mtoto Mgeni.

Kisha Mgeni akashikwa na homa, kifua kikambana. Hospitali walimwekea mpira wa hewa puani, na mchana nesi akamwita Bonifasi pembeni.

"Shikamoo, babu. Kama mna jambo la dini, lifanyeni sasa."

Padri alikuwa kwenye mazishi upande wa Tandahimba. Bonifasi alijua walivyofundishwa, kwamba penye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Alichukua chupa ya maji chini ya kitanda, akasimama nayo.

"Jina?" aliuliza.

"Taja wewe, Baba. Mimi nilishalitaja."

Ndipo akamtazama mtoto kwa karibu, kwa mara ya kwanza. Paji la uso lilikuwa la mjomba wake, bila ubishi. Lakini mdomo ule, uliokunjwa kwa hasira ya kukosa pumzi, haukuwa wa Optatus wala wa mtu yeyote aliyewahi kumfahamu. Ulikuwa wa mtoto mwenyewe.

"Optatus," alisema, akammiminia maji, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mtoto alishtuka, akakunja uso. Pikipiki ya padri ilipoingia uwanjani, Josephina alikuwa ameshaanza kulia.

Walimzika kando ya mjomba wake. Seremala aliyechonga msalaba aliuliza kama aongeze chochote ili makaburi yasichanganywe. Bonifasi akamwambia aandike Optatus, basi.

Jioni, wageni walipopungua, Josephina alisema bila kumtazama, "Ulimpa kwa kuwa anakufa."

"Nilimpa kwa kuwa lilikuwa lake, mwanangu. Nilichelewa." Josephina aliinuka akaingia ndani.

Baada ya matanga Sijaona alikuja kutoa pole, sauti yake imeshuka, hana utani. Alimwachia askari mmoja aliyepiga goti, redio mgongoni, aliyemkuta kwenye robota la juzi. Bonifasi alifungua kabati, akamweka rafu ya juu, mbele ya kile kitambaa chenye lori. Hakumgeuza kutazama nyayo.