Mtu wa Stima ya Riana

Mimi, Nyabuto, ndiye niliyempigia Javan Rading' barua zake zote kwa taipureta, tangu mwaka wa 1964 mpaka siku aliponiambia niache. Nilikuwa karani katika ofisi ya vyama vya ushirika mjini Homa Bay. Yeye alikuwa Mjaluo, mimi Mkisii, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivuta upande wa kwao. Aliniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Mimi nilimwita Baba Dolphine, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Javan alikuwa fundi. Kwa miaka kumi na miwili alihudumia mitambo ya stima katika mgodi wa dhahabu huko Migori, na mgodi ulipoanza kupunguza watu akarudi kwao kando ya mto Riana, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Rodi Kopany. Alirudi na dainamo kuukuu ya kuzalishia umeme ambayo mabwana wa mgodi hawakuitaka tena. Ilikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, imefunikwa turubai, na majirani walidhani ameleta mashini ya posho, ya kusagia unga.

Aliwaambia kwamba maji ya Riana yanaweza kuizungusha. Wengine walicheka. Lakini Zadock, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa, alimsikiliza, na Zadock akisikiliza wengine hukaa chini. Wakaunda chama cha ushirika. Kila boma likatoa mtu wa kuchimba mfereji na kubeba mawe ya kuziba mto. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka miwili.

Siku ya kwanza waliijaribu saa sita mchana, jua limewaka kote. Balbu moja ikawaka ndani ya dispensari, na watu wakapanga foleni kwenda kuitazama. Muuguzi Filister alizima akawasha, akazima akawasha, mpaka Javan akamsihi aipumzishe. Baada ya wiki chache mashini ya kusaga ikaanza kunguruma kando ya mto, na akina mama wakaacha kutembea hadi Rodi na magunia kichwani.

Furaha hiyo ilidumu miezi saba.

Afisa wa umeme alikuja kutoka Kisumu na askari mmoja. Alikuwa mtu mpole. Aliitazama mitambo kwa muda mrefu, akamwuliza Javan alijifunza wapi, akamsifu. Kisha akasema sheria hairuhusu mtu kuuza stima bila leseni, na leseni ya sehemu ile yote tayari ilikuwa mikononi mwa kampuni.

"Kampuni ipi?" Javan aliuliza. "Hapa hakuna hata nguzo moja."

"Nguzo hakuna, mzee. Leseni ipo."

"Sisi hatuuzi. Tunajigawia wenyewe."

"Sheria haina neno la kujigawia wenyewe," afisa alisema. "Imeandikwa kampuni, imeandikwa serikali, imeandikwa halmashauri ya mji. Chama cha wanakijiji hakimo."

Akawapa mwezi mmoja wazime.

Jioni hiyo wanachama walikutana kanisani. Wengi walitaka kuendelea. Kijana mmoja wa mashini ya kusaga alisema afisa hawezi kuja kila wiki, barabara yenyewe ni matope. Zadock naye aliegemea upande huo. Javan ndiye aliyesimama kupinga.

"Tukijificha tutakuwa wezi wa mto wetu wenyewe," aliwaambia. "Afisa amesema chama hakimo ndani ya sheria. Basi tukiingize. Sasa Bunge ni letu. Tuzime, nami nitakwenda kuomba. Haitachukua mwaka."

Wakamwamini. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mlango wa maji, na afisa aliporudi akakuta gurudumu limesimama, akatia lakiri.

Ndipo Javan alipokuja ofisini kwetu. Alikuwa amevaa koti la kazi lililofuliwa mpaka likapauka, na chini ya kwapa alibana nakala ya sheria ya umeme. Kiingereza chake kilikuwa cha mgodini, majina ya vyuma na matusi. Kila Jumamosi nilimsomea sheria kifungu kwa kifungu, nikimfasiria. Baada ya miezi mitatu alivijua vifungu hivyo kuliko mimi. Alichoomba kilikuwa kidogo: pale panapotajwa wanaoweza kupewa leseni, paongezwe chama cha ushirika kilichoandikishwa. Basi.

Tuliandika kwa mkuu wa wilaya, tukaandika wizarani, tukaandika kwa wabunge. Majibu yalikuja kwa bahasha nzuri yakisema barua imepokewa. Mara tano alipanda meli hapa Homa Bay hadi Kisumu, akachukua treni ya daraja la tatu mpaka Nairobi, na chakula chake alichofungiwa na mkewe Roselyn. Alilala kwa binamu yake, mtaa wa Kaloleni. Asubuhi alisimama nje ya Bunge na karatasi zake, akiwasalimu waheshimiwa wakishuka magarini. Wengi walidhani anatafuta kazi.

Katika mwaka wa 1966 alimpata mmoja. Seneta wa upande mwingine kabisa wa nchi, mtu ambaye kwao pia palikuwa na mto na giza, alisoma ile karatasi hapo hapo kwenye ngazi. Akakubali kupeleka hoja katika Seneti. Javan aliporudi alinifikia ofisini kabla hajafika kwake.

"Nyar Kisii," alisema, akiketi bila kukaribishwa, "imechapishwa. Nimeiona kwa macho yangu kwenye orodha yao."

Sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

Alikwenda tena ili awepo siku ya hoja. Aliketi katika viti vya wageni, kofia magotini. Siku hiyo walijadili mambo mengine, na hoja yake ikasogezwa wiki ijayo. Wiki iliyofuata ikasogezwa tena. Alibaki Nairobi wiki sita, akifagia dukani kwa Mhindi mmoja ili asimlemee binamu yake. Kisha Desemba ikaja na habari kwamba Seneti inavunjwa, maseneta wataunganishwa na wabunge wengine katika nyumba moja.

Alimtafuta karani mmoja mle ndani akamwuliza hoja yake itasomwa lini.

"Hoja za Seneti zimekwisha pamoja na Seneti," karani alimwambia. "Anzeni upya."

Aliponisimulia hayo hakuinua sauti. Alirudia tu lile neno, upya, mara mbili tatu, kama mtu anayejaribu kulielewa.

Nyumbani alikuta watu wamechoka. Mkutano ukaitwa kanisani, nami nilikuwapo kwa niaba ya ofisi. Zadock alisimama.

"Javan, siku ile tulitaka kuendelea," alisema. "Wewe ulituzuia. Ulisema haitachukua mwaka."

"Nilisema."

"Mke wangu ameanza tena kubeba gunia mpaka Rodi. Filister anazalisha kwa taa ya mafuta. Kwa sababu ya maneno yako."

Nilingoja ajitetee. Angeweza kusema mengi. Alisema tu, "Ni kweli," akaketi. Roselyn, aliyekuwa upande wa wanawake, aliinuka akatoka nje.

Mvua za masika za 1967 zilikuta mfereji haujasafishwa, kwa kuwa hakuna aliyeona maana ya kuusafisha. Mto ukapita juu ya mawe ukayachukua. Mtu akakata nyaya, na baadaye tuliziona zimetumiwa kufungia mabanda ya ng'ombe. Chama kikafutwa kwenye daftari letu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga chapa barua ya kukifuta.

Javan alihamia Muhuru Bay kutengeneza injini za mashua. Nilimtembelea mara moja, mwaka wa 1969. Dagaa za omena zilikuwa zimeanikwa mpaka mlangoni kwake. Nilimweleza kwamba kuna mbunge mpya anayeuliza habari za stima vijijini, na kwamba nina nakala zote, ningeweza kuandika barua jioni hiyo hiyo.

Alikuwa akisugua plagi ya injini kwa kitambaa. Hakunitazama.

"Wale watu walizima taa yao kwa sababu niliwaambia wazime," alisema. "Nyar Kisii, usiniandikie tena."

"Lakini Baba Dolphine, kosa halikuwa lako."

"Usiniandikie."

Roselyn alileta kuon, yaani ugali, na samaki. Tulikula. Baadaye Javan alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza habari za mama yangu, akaniuliza kama Kisii mvua imenyesha. Gari lilipokuja alinifungulia mlango, akageuka kurudi kazini kabla halijaondoka.