Kofia ya Mtungi

Mtungi ule uliingia nyumbani kwetu Kilosa kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, umesimama wima, umefungwa kamba huku na huku kama fahali anayepelekwa mnadani. Mume wangu ni fundi wa friji. Kazi zake nyingi ziko Mikumi, kwenye hoteli za watalii, ambako chumba baridi kikigoma asubuhi, nyama inaanza kunuka kabla ya jioni. Kabla hajajaza gesi ya friji, hupuliza naitrojeni kwenye mabomba aone panapovuja. Miaka yote alikuwa anaazima mtungi kwa fundi mwenzake wa Morogoro. Huu ulikuwa wake mwenyewe, na aliuteremsha kwa adabu ambayo mimi mkewe sijawahi kuonyeshwa.

Ulikuwa unanifika kidevuni. Alitukusanya barazani, mimi na mama yake, akatusomea sheria. Usilazwe, usibingirishwe, usishikwe kwa mikono yenye mafuta. Ufungwe mnyororo ukutani usianguke, maana gesi ya ndani imeshindiliwa, na koki ikivunjika chuma chote kinafyatuka na kutoboa ukuta. Kazi ikiisha, koki ifungwe na kofia yake ya chuma irudi juu. Kofia yenyewe ilikuwa nzito, ya mviringo, ina tundu mbili ubavuni.

Alipoona nyuso zetu akaona atutulize. “Lakini msiogope. Hii siyo gesi ya kupikia. Haiwaki, hainuki, haina sumu. Hata hewa tunayovuta hapa, sehemu kubwa ni hii hii. Ukiwasha kiberiti mbele yake, kinazimika.”

Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Lakini sisi ni watu wa jikoni. Mtungi wa gesi ya kupikia ulishatufundisha kwamba hatari ina harufu, na kwamba kinachoua ni moto. Tukashukuru Mungu kupata gesi ya kistaarabu, tukarudi kwenye kazi zetu.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuuweka. Banda la nyuma lilikuwa limevunjwa na wezi, wakazoa mabomba yote ya shaba. Mume wangu alitaka kuuacha barazani na mnyororo. Mama yake akakataa. Huyu ndiye mwenye nyumba, mwanamke aliyekulia Rudewa enzi za mkonge, na akisema jambo hulisema mara moja tu.

“Uleteni chumbani kwangu. Mimi silali, nasinzia tu. Atakayekuja kuuiba atanikuta macho.”

Chumba chake ni kile kidogo cha pembeni. Kitanda, sanduku, na nafasi ya kutandika msala, basi. Dirisha lake ni la ubao. Mtungi ukasimamishwa kati ya kitanda na ukuta, ukafungwa mnyororo, na mama akaanza kuulinda. Nasema ukweli, alinawiri. Tangu mzee wake afariki alikuwa anaona kama amewekwa tu, analishwa. Sasa mkate wa nyumba nzima ulikuwa unalala naye chumba kimoja. Wageni walipokuja kumsalimia, shikamoo na marahaba zikiisha, walipelekwa kuuona.

Baada ya muda chetezo chake cha udongo kilivunjika. Mama hufukiza ubani kila Alhamisi, jua likianza kushuka, na hakuwahi kuacha. Alhamisi iliyofuata nilimkuta anafukiza kwenye kofia ya mtungi. Aliigeuza, akaweka majivu kidogo chini, makaa juu, na moshi ukawa unatoka kwenye zile tundu mbili vizuri kabisa. Nilicheka. Nikamwambia chetezo hiki hakitavunjika mpaka kiama. Naye alifurahi, na kwa kuwa koki ilikuwa imebaki bila kofia juu pale, na gurudumu lake dogo la kuzungushia, akapata na pa kutundika kanga yake.

Mume wangu hakuona. Mwana mtu mzima haingii chumbani kwa mama yake kupekuapekua, na kwa wiki zile kazi hazikuhitaji naitrojeni.

Masika yakaanza. Mvua ya Kilosa si ya kuangalia dirishani. Maji yakitoka uani huingia bila hodi, kwa hiyo kila nyumba ina matambara yake ya kuziba chini ya milango. Tunayabana kwa mguu, tunafunga madirisha, tunakaa ndani na kupiga kelele ili kusikilizana, maana bati juu yetu haliachi mtu aongee.

Alhamisi moja mume wangu alikuwa Mikumi, anabadilisha feni ya chumba baridi. Mchana mvua ikaja kwa nguvu. Mama alikuwa ametoka kwa jirani, akarudi amelowa, akavuta kanga yake kavu kutoka pale kwenye koki, akajifunika, akajifungia chumbani na kuziba matambara kwa ndani. Alasiri ilipoingia akaniita nimletee moto.

Nilimpelekea makaa mekundu ndani ya ile kofia. Alisogeza matambara kwa mguu, akapokea, akanyunyiza ubani. “Funga mlango, maji yanaingia.” Nikafunga. Sijafika hata jikoni akaita tena.

“Mkaa gani huu mnanunua? Umezima.”

Kweli, ulikuwa mweusi. Nikaurudisha jikoni, nikiutukana moyoni pamoja na aliyeniuzia. Nilipouinamia jikoni niupulize, ukawa mwekundu wenyewe kabla sijatoa pumzi. Nikampelekea tena. Safari hii nilisimama mlangoni nikaona makaa yanafifia mkononi mwake, taratibu, kama taa ya umeme unaopungua.

“Lete kiberiti,” akasema. Nikampa. Kijiti cha kwanza kikafuka kikafa. Cha pili hivyo hivyo. “Kimepata unyevu.” Alisema polepole mno. Kisha akakaa kitandani, akanirudishia kile kiberiti bila kuniangalia. “Niache nijinyooshe kidogo. Funga mlango.”

Nikaufunga. Ndivyo tulivyolelewa, mama mkwe akisema funga, unafunga. Nikarudi jikoni na kiberiti mkononi, nikakiwasha ili nikitupe vizuri nikijua kimeharibika. Kikawaka mara moja, moto mzuri, mpaka ukaniunguza kidole.

Hapo nikasikia sauti ya mume wangu barazani siku ile, anatutuliza. Ukiwasha kiberiti mbele yake, kinazimika. Ile sifa ya mtungi, ile iliyotufanya tuulaze na mama, ndiyo ilikuwa inafanya kazi mle ndani.

Nilikimbia. Mlango ulikuwa mzito kwa matambara, nikausukuma kwa bega. Mama alikuwa amelala chali, midomo imebadilika rangi. “Mama, toka nje.”

“Funga mlango,” akasema, ulimi mzito kama wa mlevi, yeye ambaye hajawahi kuonja kitu.

“Sifungi!”

Sijawahi kumjibu hivyo, wala sikuwa na wakati wa kushangaa. Nilisukuma ubao wa dirisha ukafunguka, nikamshika chini ya makwapa, nikamburuta. Mzee wa watu, niliyekuwa nampa chai kwa mikono miwili na kumpigia goti, nilimburuta sakafuni kama gunia la mpunga, kichwa changu chenyewe kimeanza kuzunguka, mpaka barazani mvua ikatupiga sote. Nilimlaza, nikampiga mashavu. Ndiyo, nilimpiga, na nilikuwa nalia kwa sauti. Akavuta pumzi moja ndefu ya kukwaruza, kisha nyingine. Akafumbua macho, akajishika kichwa.

“Umenivua mtandio,” akasema.

Nilivua kanga yangu nikamfunika.

Nilimpigia simu mume wangu. Akasema niache milango yote wazi na asiingie mtu. Akaniuliza niliingiaje. Nilipomweleza akaniambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyokufa wawili wawili, wa kwanza kwa gesi na wa pili kwa huruma. “Ningekuta maiti zenu zimelaliana,” akasema. Mvua ilipopungua ndipo tulipousikia mtungi wenyewe ukizomea mle ndani, sss, sauti nyembamba, kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Ulikuwa unasema muda wote. Bati ndilo lililokuwa linaongea juu yake.

Alifika kabla giza halijaingia. Akasubiri hewa ipite, akaingia, akafunga koki kwa vidole viwili. Ilikuwa imelegea kidogo tu, kwa kule kuvutwa kanga. Akatoka na ile kofia imejaa majivu, akaiangalia, akamwangalia mama yake aliyekaa kwenye mkeka na uji wake, akashindwa. Basi akanigeukia mimi.

“Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unaangalia nini?”

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanipasha moto. Nikamwambia aliyetusomea sheria ni yeye, na aliyetuambia tusiogope ni yeye. Habari ya mtungi kutoboa ukuta tuliisikia. Habari ya kwamba unaweza kukaa kimya kona moja ukala hewa ya chumba, hatukuisikia.

“Nilidhani kila mtu anajua.”

“Kila mtu ndiye nani?” akauliza mama. Aliweka bakuli chini. “Kofia niliichukua mimi. Kanga niliitundika mimi. Mwache mwenzio, ndiye aliyenitoa.” Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, “Mimi nilikuwa naulinda.”

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa kweli.

Sasa mtungi unakaa nje, nyuma ya jiko, chini ya paa lenye wavu pande zote, upepo unapita. Una minyororo miwili na kofia yake kichwani. Kibanda kina kufuli, na mume wangu alimpa mama ufunguo. Yeye mwenyewe hakubaki na mwingine. Mama aliufunga kwenye pindo la kanga, na mume wangu akitaka mtungi wake lazima aje aombe, na kuulizwa anaupeleka wapi na ataurudisha saa ngapi. Chetezo kipya cha udongo nilimnunulia mimi.

Mama habani tena matambara chini ya mlango. Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kwenye kitanda chake, na mimi nadeki. Jioni, kabla ya ubani, kabla ya chochote, huwa anawasha kijiti kimoja cha kiberiti. Mume wangu amemweleza kwamba kiberiti si kipimo, kwamba mtungi haumo tena mle chumbani, kwamba hakuna haja. Anamwitikia vizuri, kisha anawasha.

Nami huwa jikoni saa hiyo. Nasikia kijiti kinakwaruza, naacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali umeshaniungulia mara kadhaa. Nangoja mpaka nione mwanga umetokea chini ya mlango wake.