Kuku Wasioatamia

Mtaani walimwita Kipimo, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa seremala, na tangu ujana wake hakuna kitu kilichopita mbele ya macho yake bila kukadiriwa: mlango, kiti, hata jeneza. Mgongo ulipomkatalia kazi akiwa na miaka sitini na mitano, wakabaki kuku tu wa kukadiria.

Mbegu ya kuku hao aliachiwa na baba yake. Walikuwa wa kienyeji, wekundu wa kuiva kama tofali lililochomwa vizuri, mkia mweusi wa kung'aa, miguu ya manjano. Kila mwaka, vijana wao walipotimiza miezi mitano, Kipimo aliketi mlangoni mwa banda akawakamata mmoja mmoja. Alipapasa mfupa wa kidari aone kama umenyooka. Alimsimamisha kuku juu ya meza yake ya kazi aone kama mgongo umelala sawa na miguu imeachana vya kutosha. Alikunjua bawa kutafuta unyoya mweupe. Upanga wa kichwani ulitakiwa usimame wima, usilale upande kama kofia ya mlevi. Mwenye kasoro alikwenda sufuriani, awe kijana au mtetea mzima aliyechakaa, na katika hilo Kipimo hakuwa na simile.

Mkewe naye alikuwa na kuku wake sita, wa kuokoteza. Mmoja alikuwa kishingo, shingo tupu kama kidole gumba. Mwingine manyoya yamegeukia mbele kana kwamba kazaliwa katikati ya upepo. Kipimo aliwaita makapi. Mkewe alikuwa akimuuliza, yeye alichaguliwa kwa rangi au kwa mgongo, na Kipimo akijibu kwamba siku ile alikuwa amesahau futi nyumbani. Walicheka hivyo miaka thelathini na minane.

Mama yule alikufa msimu wa mvua, kwa ugonjwa wa siku nne tu. Mungu ampumzishe. Wageni wa msiba walipojaa, binti yao akamwendea baba yake kumuuliza achinje kuku gani. Kipimo hakuhitaji kufikiri. Alinyoosha kidole kama alivyozoea, na kwa siku mbili makapi yote sita yakaisha. Hakufanya kwa ubaya. Mtu aliyefiwa huongozwa na mazoea yake, akili ikiwa haipo.

Haukupita muda, kideri, ugonjwa wa kuku, kikaingia mtaani. Wasomaji mliofuga mnakijua: kuku anapinda shingo asubuhi, jioni hayupo. Banda la Kipimo likabaki na jogoo mmoja, mzee, na mitetea watatu. Mbegu ya baba yake yote ilikuwa hapo.

Mitetea wakataga vizuri. Kila mmoja alitaga, akatetea kwa kujisifu, akaenda zake kuchakura. Kipimo akawatengenezea viota vya mbao, akaweka majani makavu, akaziba mwanga kwa gunia. Hakuna aliyelalia mayai. Mmoja akamfunika kwa tenga kwa nguvu. Kuku akavunja mayai mawili na kuyala. Mayai ishirini akayapeleka kwa mfugaji mwenye mashine ya kutotolea, umeme ukakatika siku mbili, yakaharibika yote. Sasa jogoo alikuwa anaanza kuburuta mguu, na ndani ya bakuli juu ya kabati kulikuwa na mayai kumi na moja, la kwanza likiwa na siku nane. Yai likipita siku kumi, kifaranga ni bahati nasibu.

Binti yake ndiye aliyesema, huku anafagia, bila kumtazama. "Baba, hawa hawajawahi kuatamia. Mayai yako yote mama alikuwa anawawekea wale wake."

Si kwamba Kipimo hakujua. Alijua kama mtu anavyojua kwamba nyumba ina msingi: yupo ndani yake kila siku, wala hautazami. Kisha binti akaongeza kwamba kwa mama mdogo kuna kuku aliyeanza kulalia jana.

Mama mdogo huyo alikuwa mdogo wake marehemu, mshona nguo. Kipimo akayafukia mayai kwenye pumba ndani ya kikapu, akaenda kwa miguu, pole pole, kama abebaye mgonjwa. Akamkuta shemeji yake kwenye cherehani.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja kupima nini?"

"Leo nimekuja kuomba."

Shemeji akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alipoelezwa shida, akainama akavuta boksi lililokuwa chini ya meza ya kukatia. Ndani alilala mtetea mwekundu, mkia mweusi. Upanga wake ulimwangukia jicho, na kwenye bawa alikuwa na manyoya mawili meupe.

Kipimo alimtambua palepale. Yalikuwa macho yake mwenyewe yaliyomhukumu kuku huyu miaka mitatu nyuma, na akakumbuka kwamba siku ile jioni alikula nyama.

Shemeji akamwambia kwamba aliyemla hakuwa huyu. Marehemu dada yake alichinja mmoja wa kwake, huyu akamleta kwenye kikapu, akamwomba amfiche. "Alisema huyu ana moyo wa kulea. Akasema kuku wako akishaanza kunyonyoka kidari ili apashe mayai joto, wewe unamwona amechakaa. Upanga ukipauka, unasema amekwisha. Kila anayetaka kuwa mama, shemeji, wewe unamla."

Kipimo alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya rundo la vitambaa. Wakampitia mbele ya macho, wale aliowatoa mwaka baada ya mwaka: waliovimba manyoya, waliogoma kutaga, walionyonyoka kifua. Wote aliwaita wabovu. Waliobaki walikuwa wazuri kweli, na hakuna hata mmoja aliyejua kukalia yai.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia. Mara ngapi sijui. Baadaye akachoka, akafuga wale sita."

Wote wawili walikuwa wanajua wale sita walikwenda wapi.

Shemeji hakumsimanga. Akamwinua kuku kidogo, chini yake kulikuwa na mayai sita, ya jogoo wa jirani. Akasema kuku huyu anafunika kumi na matatu, hazidishi, kwa hiyo achague yeye, ndiyo kazi yake. Kipimo akatoa penseli ya useremala, akayatia alama mayai yake. Mkono wake ulikwenda kwenye mayai ya mtetea, ukasimama. Kisha akarudisha manne ya kwake kwenye pumba.

"Ya mtetea mwenyewe yabaki," akasema. "Asije akaona tumemfanya mtumishi."

Aliyaingiza yale saba moja moja. Mtetea akamdonoa mpaka damu ikatoka, naye hakuutoa mkono. Shemeji akaomba dua fupi, na Kipimo, ambaye hakuwa mtu wa kuitikia kwa sauti, akaitikia.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga tisa, wanne wa mayai yenye alama. Shemeji akawafunga hao uzi mguuni. Wawili kati ya wenye uzi walichukuliwa na mwewe. Jogoo mzee alikufa kabla hawajaota mikia.

Miezi mitano ilipotimia, Kipimo alikuwa na pora mmoja mwekundu, jogoo kijana aliyenyooka kila upande, na tembe mmoja, mtetea ambaye hajaanza kutaga, dada yake. Shemeji akamruhusu mtetea wa boksini ahamie. Binti alidhani baba yake atawaweka ndugu hao wawili pamoja, rangi ibaki safi. Badala yake Kipimo akamkamata mtetea mwenye upanga ulioanguka, akamkunjua bawa, akayatazama yale manyoya meupe kwa muda mrefu.

"Baba, rangi itaharibika."

"Itaharibika," akakubali. Akamweleza: mwaka wa kwanza meupe yatakuwa mengi, mwaka wa pili yatapungua, na kila mwaka achague kwanza wanaoatamia, halafu ndiyo rangi, halafu mgongo. Mwaka wa sita, labda wa saba, Mungu akipenda, watarudi kuwa wekundu watupu.

Yeye alikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Hao utawaona wewe," akasema. Akamwachia mtetea bandani. Kuku akajikung'uta, akaanza kuchakura.