Maneno ya Fundi wa Winchi

Daftari nilikuwa nalo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisema sina, na wa kwanza kumdanganya alikuwa mwenye maneno yaliyomo. Sasa nimestaafu uuguzi, sina cheo cha kupoteza.

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, sikumgusa mgonjwa. Nilikunja bandeji mpaka saa tisa alasiri. Ndipo Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, Mwingereza aliyetembea bila kishindo, akanionyesha chati ya joto kwenye kitanda. "Usichokiandika hakikutokea," akasema. Nikamwamini kupita kiasi. Niliandika vikohozi, vyoo, hata matusi ya wagonjwa.

Mwaka wa pili Metroni alihamishiwa hospitali ya mgodi wa dhahabu, Geita, akanichukua. Huko nikamkuta fundi wa winchi, ile mashine ya kuwateremsha wachimbaji shimoni na kuwapandisha. Kwa mshahara alikuwa Mzungu, lakini kwa rangi alitukaribia sisi; Wazungu wenzake walimwita Mtaliano ili wasiulize zaidi. Alilazwa kwa malaria kali. Homa ilipompanda alizungumza lugha nisiyoijua, nami, mwanafunzi mtiifu wa Metroni, nikaiandika kwenye daftari langu siku tatu mfululizo. Alichoomba nilikijua kwa ishara za mikono. Neno la maji lilikaribiana na la Mhindi mwenye duka la nguo, jambo lililonishangaza sana.

Homa iliposhuka nikampelekea chai. Akashukuru, hakuinywa. Kesho yake vilevile.

"Anakuogopa, Nesi," akasema Masanja, mchimbaji wa kitanda cha pili, aliyevunjika paja. "Labda umemtilia dawa ya mapenzi."

"Nimtilie yule? Kwani wanaume wa Geita wamekwisha?"

Fundi akacheka. Kumbe Kiswahili cha mgodini alikijua. Akatuambia yeye ni Msinti, wa watu waliozunguka Ujerumani na Ufaransa kwa magari ya farasi. Wazee wao walitoka Bara Hindi zamani sana. Kwao, anayeshika damu na maiti hawalishi wengine. "Hata mama yangu angekuwa nesi, nisingekunywa chai yake."

"Usimcheke, Nesi," Masanja akasema. "Wewe mwenyewe baba yako analala na nyoka."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa wa chama cha bayeye, wacheza nyoka wa Usukuma, wenye maneno yao wasiyompa mtu wa nje. Nilipokuwa mdogo nilitamka moja kisimani. Kofi nililopata nalikumbuka hadi leo.

Fundi alipopata nafuu akaletewa gitaa. Masanja akauliza ngoma iko wapi. "Ngoma ni mkono huu," Fundi akajibu, akawa anazipiga nyuzi zote kwa mkato, kama treni inayoshika kasi. Wajomba zake hawakujua noti. Watoto walijifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa. Walikuwa na nyimbo zao za fidla, wakaokota waltzi katika kumbi za dansi za Paris, kisha wakasikia jazi ya Wamarekani weusi kwenye santuri, wakavipika chungu kimoja. Metroni alikuja kukemea kelele. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, ndipo akakemea.

Siku ya kuruhusiwa, Fundi alitazama kalamu mfukoni mwangu. "Nilisema mengi nikiumwa. Uliandika?"

"Joto tu," nikasema.

Akanieleza. Kabla ya vita wasomi walifika kambini kwao wakisalimia kwa Kisinti. Waliandika maneno, majina, nani mtoto wa nani. Madaftari yale yakafika kwa polisi wa Wanazi, na ndugu zake wakapakiwa kwenye treni za kwenda kambi za mauaji. "Lugha yetu haiandikiwi wageni," akasema. Mimi, binti wa myeye, nilitikisa kichwa kwa huzuni huku daftari likiwa mfukoni.

Mwaka uliofuata alipata barua kwamba binti yake, aliyemdhani amekufa vitani, yu hai, amelelewa na watawa huko Ulaya. Akaondoka. Aliniandikia kadi moja, yenye anwani.

Nikahamishiwa zahanati ya Nyarugusu, nikarudi Shinyanga, na nikiwa na watoto watatu nikaingia chuo kikuu. Huko nilijigamba kwamba nimemuuguza Msinti. Mhadhiri mmoja wa lugha akauliza kama niliandika chochote. Nikakana, naye akaendelea kuuliza kila tulipokutana. Nilipostaafu akaniambia: kama lipo, atalichapa kitabu, jina langu juu, kwenye jalada. Jioni nzima nilijaribu sahihi mpya. Kabla ya kumjibu nikamwandikia binti wa Fundi, maana kumkabili Fundi mwenyewe niliona aibu, kwa anwani ile ya zamani, nikakiri yote, nikamwomba ruhusa na kumwachia namba ya simu.

Miezi miwili baadaye simu ikalia. Alikuwa binti wa Fundi, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu.

"Baba amefariki," akasema. "Hakunifundisha hata neno. Alisema lugha ile imebaki kwa wafu."

"Pole, mwanangu. Nilichapishe, au nilichome?"

"Usimpe mtu. Nisomee."

"Baba yako alinikataza."

"Alikukataza kuwapa wageni. Mimi ni mgeni?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea neno la maji kwa lafudhi yangu ya Kisukuma. Kisha akalirudia, polepole, mara mbili.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nichukue kalamu."