Mstari wa Milamula

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipita barabara ya Muleba, na kabla sijaona kingine chochote niliiona milamula. Ni mimea ya majani marefu ambayo kwetu hupandwa kuonyesha mpaka wa kibanja, au mahali alipolala mtu wetu. Ilikuwa imejipanga mstari mmoja, mashina yamenenepa. Nikamwambia dereva asimame. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama mtu aliyeitwa ghafla.

Nilikulia Bilele, mjini Bukoba, enzi za ujamaa. Baba alikuwa seremala, na fahari yake ilikuwa kombi kuukuu aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Likizo moja ya Desemba alitupakia wote: mama, sisi watoto, masufuria, mkungu wa ndizi, na bibi mzaa baba, aliyekaa kiti cha mbele kama askofu. Tulikuwa tunakwenda kulala kambini. Ilikuwa kambi ya kijiji, uwanja wa nyasi wenye mahema ya turubai, bembea, bomba la maji na mafiga ya kupikia, na familia za walimu na wauguzi waliokuwa safarini zilipenda kupumzika pale. Lakini baba alikuwa na jambo lake moyoni. Uwanja ule ndio uliokuwa kibanja chetu, kabla babu hajahamia na wenzake kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na bibi hakuwa amerudi tangu siku hiyo.

"Mama," baba alisema akizima injini, "leo unalala nyumbani."

Bibi alishuka, akatazama. Migomba haikuwepo, mibuni haikuwepo, nyumba haikuwepo. Mtoto wake wa kwanza, binti, alifariki hata kutembea hajaanza, akazikwa pale, na bibi kwa mkono wake alimpandia mlamula upande wa kichwa. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Njia nzima bibi alikuwa ameshika fundo la khanga lenye kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni akifika, na sisi tulidhani ni ya wenyeji wa kambi.

Msimamizi wa kambi alikuja mbio kutupokea. Alikuwa mtu mwema, naapa. Bibi alipomuuliza habari za milamula, uso ulimng'aa.

"Ilikuwa imezagaa ovyo, mama. Mmoja huku, mwingine kule. Nikaing'oa yote, nikaipanga pale njiani. Si imependeza?"

"Imependeza, mwanangu," bibi alisema. "Na ule uliokuwa peke yake, chini ya mbuni mkubwa, uliung'oa wapi?"

"Maawe! Nani atakumbuka, mama?"

Bibi hakumgombeza. Alianza kutembea uwanjani taratibu, kahawa mkononi, akipita kati ya mahema ya watu. Mama alikuwa anapika ndizi na maharage, moshi unatuingia machoni, upepo wa ziwa unapigapiga maturubai. Nikamsikia bibi analiita jina langu.

"Abee, bibi!" Nikakimbia.

Akanitazama kama ameamshwa usingizini. "Siyo wewe, mjukuu wangu."

Aliita tena, na tena niliitika, maana mtoto aliyelelewa vizuri haachi kuitika. Mara ya tatu mama alinivuta mkono, akanikalisha karibu na moto. Sijawahi kuogopa jina langu kama jioni ile. Baba alikuwa ameegemea kombi, machozi yanamtoka hadharani. Kisha akawaomba wanaume wa mahema ya jirani wamsaidie kuisukuma hadi barabarani. Waliishika bila kuelewa. Alisema kuwasha injini pale hawezi.

Bibi aliporudi alikaa chini, akavua kandambili zake. "Vueni viatu wote," alisema. "Hatujui tunamkanyaga wapi."

Raba zangu zilikuwa mpya, na roho iliniuma kuziacha kando ya milamula. Tulicheza pekupeku likizo nzima. Watoto wa mahema mengine walituona, wakadhani ndiyo sheria ya kambi, nao wakavua. Kila familia mpya iliyofika ilikuta viatu vimepangwa pembeni, ikapanga vyake. Bibi aliondoka na kahawa yake vilevile kwenye fundo.

Kambi imekwisha, rafiki yangu. Mahema yalioza, bembea iling'olewa, kombi iliuzwa vipande vipande. Baba na bibi tumewazika Kanazi. Uwanja sasa ni wa shule, na siku ile niliyomsimamisha dereva watoto walikuwa wanacheza mpira. Viatu vyao vilikuwa vimepangwa kando ya milamula.

"Shikamoo bibi," binti mmoja aliniamkia.

"Marahaba. Mbona mmevua viatu?"

"Hapa hatuvaagi viatu."

"Nani kawakataza?"

Akanishangaa. "Hakuna. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa."

Nilisubiri mpaka kengele ikawaita darasani. Nikavua vyangu, nikaingia uwanjani, nikasimama katikati nisijue nielekee upande gani. Nikaliita jina letu, taratibu. Safari hii hapakuwa na mtoto wa kuitika kimakosa.