Chumba cha Kusomeana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara. Nilikuwa nimevaa buibui jipya alilonishonea baba, kichwa kimejaa ndoto za muhuri na meza yangu mwenyewe, kumbe kazi ya maktaba katika Nakuru ya miaka ya hamsini ilianza na vumbi. Wala si vumbi la kupuliza ukapumzika. Lilipita chini ya mlango, likapita kwenye madirisha yaliyofungwa, na likipata kitabu linaingia kati ya kurasa na kulala humo.

"Anza rafu ya juu, Zaina," akasema Mwalimu Zakayo, karani mkuu wa maktaba yetu. "Ukianza chini utafuta mara mbili, na hapa hakuna mshahara wa mara mbili."

Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja na maneno mengi. Alikuwa amefundisha shule ya misheni kabla ya kuajiriwa na ofisi ya ustawi, akaniomba kwa baba kwa sababu alitaka akina mama waje, na akina mama hawakuwa na hamu ya kuingia mahali penye wanaume watupu. Baba yangu, fundi cherehani wa Bondeni, alikubali kwa sharti moja: niwe nimefika nyumbani kabla ya magharibi. Majirani walisema mengi. Msichana wa Kiislamu kukaa na vitabu vya serikali! Waliposikia napata mshahara wakanyamaza, wakaanza kutuma binti zao kuniuliza kama kuna nafasi nyingine.

Nyinyi vijana mkisikia maktaba mnaona jumba la ghorofa. Yetu ilikuwa chumba kimoja cha mawe ubavuni mwa ukumbi wa mtaa wa Waafrika, paa la mabati, baraza mbele, na mabenchi mawili marefu ndani. Wazungu walikuwa na yao, huko juu kwao, na vitabu walivyovichoka ndivyo tulivyoletewa sisi, pamoja na vichache vya Kiswahili. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya kifuko kilichogundishwa kwenye jalada la nyuma. Mtu akiazima, kadi inabaki kwetu, kitabu kinapigwa muhuri wa tarehe ya kurudishwa. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano, na kwa vile mende waliipenda kuliko sisi tulivyopenda mkate, tulinyunyiza unga wa pareto nyuma ya rafu. Mpaka leo nikinusa pareto naliona benchi lile, namwona kila aliyeketi juu yake, na nalia. Siogopi kusema. Nalia.

Lakini kazi yenyewe, ile niliyoipenda, ilikuwa kusomeana. Wengi waliokuja hawakujua kusoma, na waliojua hawakuthubutu kupeleka kitabu nyumbani. Ilikuwa enzi ya hali ya hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau. Askari waliingia vyumbani kupekua, na aliyekutwa na karatasi alikuwa na maelezo mengi ya kutoa, hata kama karatasi yenyewe ilifundisha kufuga kuku. Kwa hiyo watu walikuja kukaa. Jumamosi alasiri mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza: wafanyakazi wa reli wakiwa na mafuta mikononi, wapishi, mafundi, akina mama wakifuma fulana za watoto.

Tulikuwa na mila zetu. Kabla ya kuanza, msikilizaji mmoja lazima afungue njia, yaani asimulie tulipoachia wiki iliyopita, ili ambaye hakuja asipotee. Akikosea wanamzomea, akipatia wanampigia makofi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia mbele. Aliyekamatwa anachungulia alifagia baraza. Mwalimu Zakayo mwenyewe alifagia siku moja, na koti lake hilohilo, watu wakicheka hadi benchi likatikisika.

Aliyefungua njia vizuri kuliko wote alikuwa Nekesa. Alikuwa yaya huko Milimani kwa Wazungu, mtu wa kutoka upande wa Kitale, na mapumziko yake yalikuwa alasiri hiyo moja tu. Alikuja kwa miguu, viatu mkononi visiharibike, akivivaa mlangoni kwa heshima ya chumba. Nafasi yake niliiwekea leso yangu kwenye benchi, kando yangu, ili asikose pa kukaa. Kusoma hakujua hata herufi moja, lakini ulichomsomea Jumamosi alikurudishia Jumamosi ya pili neno kwa neno, na machozi ya mahali pake.

"Dada Zaina, leo usimeze maneno," alizoea kusema akijipepea. "Wiki iliyopita ulikuwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni."

Mwaka ule tulikuwa na hadithi ya msichana aliyefunga safari kumtafuta kaka yake aliyepotea. Nekesa naye alikuwa na kaka aliyekwenda vitani Burma asirudi, wala habari. Hakulisema mbele ya watu. Aliniambia mimi, siku moja tukifunga madirisha, na tangu siku hiyo nilijua anasikiliza kwa masikio gani.

Mkubwa wetu wa juu alikuwa Bwana Ustawi, Mzungu wa soksi ndefu, si mtu mbaya. Ubaya wake ulikuwa kupima maktaba kwa mihuri. Siku moja alifungua kitabu, akatazama karatasi ya tarehe, akaiona nyeupe. Akatazama benchi, akaona watu.

"Zakayo, hii watu nakaa tu," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hapana azima kitabu. Kama nataka kaa, kwa nini hapana kaa nyumbani?"

"Wanasomeana, Bwana."

"Maktaba iko kwa kitabu. Iko hapana kwa kaa." Akasema mkaguzi wa maktaba atakuja kutoka Nairobi, na mambo yakiwa hivi chumba kitapewa kazi nyingine.

Jumamosi ile hatukusoma. Mwalimu Zakayo alisimama mbele ya mabenchi, akawaeleza watu yote. Kisha akatoa shauri lake. "Anataka mihuri? Tumpe mihuri! Kila mtu aazime kitabu. Mkaguzi akija akute rafu tupu, aone watu wa mtaa huu ni wasomaji. Na siku hiyo msije kukaa, msije mkaitwa wavivu."

Ee, walivyoitikia! Watu waliokuwa wakiogopa hata gazeti walipanga foleni hadi nje ya baraza. Wengine walivifunga vitabu ndani ya blanketi, mpishi mmoja alikificha chake ndani ya sufuria. Niligonga muhuri mpaka kiganja kikauma. Nekesa naye alitaka chake.

"Na wewe utakifanyia nini?" nikamtania.

"Nitakikodolea macho," akasema. "Chumba kikipona, kazi yangu nimefanya."

Kile cha msichana na kaka yake nilimpa yeye.

Mkaguzi alikuja siku ya kazi, asubuhi, akiwa na Bwana Ustawi. Alikuta chumba kisafi, rafu tupu zinang'aa, mabenchi matupu, mimi na Mwalimu Zakayo tumesimama wima kama askari. Akauliza vitabu viko wapi. Mwalimu akajibu kwa fahari, viko majumbani, watu wanasoma. Mkaguzi akafungua visanduku vya kadi, akazipitia, uso ukachangamka. Akatushika mikono, sote wawili, mimi pia. Moyo ukanijaa, mawazoni nikamwona Nekesa na leso yangu kwenye benchi.

"Nzuri kabisa," akasema. "Watu nabeba kitabu, nasoma nyumbani. Sasa chumba ya nini?"

Mkaguzi akaendelea kueleza, kwa furaha kabisa, kwamba watu kama hawa wanatosheka na sanduku la vitabu kwenye lori, nalo litawafikia mpaka mashambani. Chumba kikageuzwa stoo ya ofisi. Shauri letu lilifanikiwa, jamani, ndilo lililotumaliza.

Vitabu vilirudi, kimoja kimoja. Nekesa alileta chake kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Nimekitazama chote," akasema. "Kurasa zote. Kimenyamaza tu, dada."

Nilikuwa nimekwisha kuusoma mwisho wake, kwa kuwa ndimi niliyepaswa kuandaa usomaji. Nikamwambia, njoo nikueleze hapahapa mlangoni kama msichana alimpata kaka yake.

"Usiniambie." Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Peke yangu sitaki. Nataka niusikie nikiwa nimekaa na wenzangu. Mkipata chumba kingine mtaniita."

Nami nikapelekwa kwenye masanduku. Lori lilitupeleka Gilgil wiki moja, Subukia wiki nyingine, chini ya karani mkuu mpya, bwana mkali aliyetaka kila kituo kimalizike upesi. "Mwenye kitabu aende zake!" ndivyo alivyokuwa akisema. Walichukua, wakaenda zao. Kule Subukia wakulima walisoma kweli, siwezi kusema uongo, na baadhi walikuja kuwa walimu. Lakini lori halina benchi. Nilikuwa nikigonga muhuri huku nikimtafuta mtu aliyeshika viatu mkononi.

Niliporudi mjini nilipanda Milimani hadi geti la nyumba alimokuwa yaya. Mtunza bustani akaniambia matajiri wake Nekesa wamehama, naye hajui amekwenda nao au amerudi kwao. Chumba kingine sikupata cha kumwitia. Mwalimu Zakayo alirudi kufundisha, akafa mwalimu. Uhuru ukaja, nikahamishiwa maktaba kubwa yenye kibao cha KIMYA, chini ya mkutubi mkuu aliyesoma ng'ambo, nikafanya kazi humo hadi kustaafu. Nilipewa saa ya ukutani na hotuba. Nashukuru. Saa inafanya kazi bado.

Juzi magoti yaliniruhusu, nikaingia maktaba ya siku hizi. Imejaa wanafunzi hadi ngazini. Binti wa mapokezi akanisogelea.

"Shosho, karibu. Samahani kwa hii msongamano. Hawa wote hata hawasomi vitabu vyetu, wanakuja na notsi zao, wanakaa tu. Boss anasema tupunguze viti."

Mkongojo wangu ukagonga sakafu kabla sijaufikiria. "Mwambie boss wako asiguse hata kimoja! Mwambie nimesema mimi, bibi mmoja wa Bondeni."

Akacheka, akidhani ni utani wa kizee. "Sawa, shosho. Na wewe, nikutafutie kitabu gani?"

"Sitaki kitabu, mwanangu. Nimekuja kukaa."

Akanivutia kiti. Nikaketi, nikaweka mkoba wangu kwenye kiti cha kando. Punde akaja msichana na madaftari yake, akauliza kwa sauti ya chini kama hapo pana mtu. Nikamwambia yupo, yuko njiani anakuja. Akageuka kutafuta kwingine, na kwingine hakukuwa. Nikamwita, nikauondoa mkoba, akaketi.